Mwongozo kamili wa kukempu ufukweni kwenye kempu ya kimya isiyo na kitu

Kuna zile kempu za baharini zenye kila kitu, taa kila mti, mziki, bafu la maji moto, mtandao unapaa, hizo sizizungumzii leo. Nazungumzia ile nyingine, kipande cha ufuko na miti michache, choo kimoja cha shimo, bomba moja kama una bahati, mlinzi anapita jioni kukusanya hela halafu humwoni tena mpaka kesho yake, na baada ya hapo ni wewe na bahari. Nimelala sana kwenye sehemu za namna hii na nazipenda kweli kweli, manake ukiamka saa kumi na moja alfajiri ukasikia maji tu na hakuna sauti nyingine, hiyo hela yako imerudi yote.

Lakini nimeona watu wakiondoka wamekasirika siku ya pili. Na ukiwauliza, tatizo sio bahari, ni usiku mmoja mbovu: hema limepigwa na upepo mpaka asubuhi, shuka linanata chumvi, maji ya kunywa yameisha. Yote hayo yanazuilika. Sehemu isiyo na huduma inakudai uelewe vitu vitatu tu, upepo, maji na mchanga, na ukivielewa hivyo mengine yote madogo. Ndio nitakavyokwenda navyo hapa, hatua kwa hatua, na pale penye uzito nitakaa zaidi.

Hatua ya 1: Soma maji kabla hujafunga begi

Kitu cha kwanza ninachoangalia sio hali ya hewa, ni jedwali la maji kujaa na kupwa la sehemu ninayokwenda. Sehemu nyingi duniani maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kwingine ni kama saa 12 na dakika 25, kwahiyo kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Yaani leo yakijaa saa nne asubuhi, kesho tegemea karibu saa tano kasoro dakika kumi. Kuna sehemu yanajaa mara moja tu kwa siku, na kuna bahari kama ya Mediterania ambapo kujaa na kupwa ni kidogo sana hata huoni, halafu kuna Ghuba ya Fundy kule Kanada ambako tofauti inaweza kufika mita 16. Ndio maana usikariri ya sehemu moja ukaipeleka nyingine.

Kinachowakamata watu ni bamvu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, maji yanajaa juu zaidi na kupwa mbali zaidi, na kilele chake mara nyingi kinakuja siku moja au mbili baada ya hapo. Katikati ya hizo ndio maji mafu, yanajaa kidogo, yanapwa kidogo. Sasa mtu anafika siku ya maji mafu, anaona mstari wa maji uko kule chini, anapiga hema, anakaa wiki nzima, siku ya tano bahari inamfuata mlangoni usiku. Kama unakaa zaidi ya siku mbili, tafuta kwenye jedwali kujaa kukubwa kuliko kote kwa siku zako zote, sio kwa siku ya kufika tu.

Na ujue maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu yao ya kugawa kwa kumi na mbili: saa ya kwanza maji yanapanda sehemu 1 kati ya 12, saa ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6, saa ya kwanza yanapanda sentimita 30 tu, unaona mambo shwari, lakini saa ya tatu na ya nne yanapanda sentimita 90 kila moja. Hapo ndipo mtu aliyevuka kwenda kwenye kisiwa cha mchanga anakuta njia ya kurudi imeshafungwa. Ni makadirio, lakini yamenisaidia sana.

Hatua ya 2: Piga simu uulize

Usiogope kuuliza maswali yanayoonekana ya kijinga. Maji ya bomba ni ya kunywa au ya kuoshea tu? Moto unaruhusiwa, na wapi? Gari linafika mpaka wapi, au nitabeba mzigo kwenye mchanga mita mia tatu? Choo kina nini na hakina nini? Takataka zinachukuliwa au naondoka nazo? Sehemu gani watu wanaogelea na sehemu gani hawaogelei? Hilo la mwisho ndilo la muhimu kuliko yote na watu hawaliulizi. Mtu wa pale akisema "pale hatuogi", usimdai sababu, chukua hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Mzigo

Anza na maji. Mimi hupiga lita 6 kwa mtu kwa siku, hapo nahesabu kunywa, kupika, kusuuza vyombo na kujipangusa jioni, na naongeza dumu moja ambalo haliguswi mpaka siku ya kuondoka. Kama bomba lipo na la kunywa, vizuri, lakini dumu la akiba linabaki. Maji yenye mashaka chemsha mpaka yatokote kabisa dakika moja. Maji ya bahari usijaribu kunywa hata kidogo, yana chumvi karibu gramu 35 kwa lita na figo zinahitaji maji mengi zaidi ya hayo uliyokunywa ili kuitoa, kwahiyo unakauka zaidi.

Vingine nisivyoviacha: hema lenye kifuniko cha nje kinachofika chini na wavu mzuri pande mbili, turubai ya chini, kamba za ziada mita 20 hivi, mifuko minne hadi sita ya kitambaa kigumu iliyo mitupu (utaona kazi yake), koleo dogo, tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, pawabanki, beseni dogo, fagio la mkono, jiko dogo la gesi, viberiti viwili vilivyofungwa kwenye plastiki sehemu mbili tofauti, viatu vya kuingilia majini vyenye soli ngumu, kofia, losheni ya jua, dawa ya mbu, shuka la ziada linalokaa kwenye mfuko usiopitisha maji na halitolewi mpaka saa ya kulala. Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwe na kibano, bandeji, dawa ya kuoshea kidonda, dawa ya maumivu na chumvi-sukari ya kurudisha maji mwilini.

Losheni ya jua usidharau hata kama utakaa kivulini au kuna mawingu. Shirika la Afya Duniani linasema mchanga mkavu wa ufuko unarudisha kama asilimia 15 ya miale ile inayounguza, na povu la mawimbi kama asilimia 25, yaani jua linakupiga hata kutokea chini. Chini ya kidevu na nyuma ya magoti ndiko watu wanakosahau.

Hatua ya 4: Kuchagua pa kulala

Fika mchana, walau saa tatu kabla ya jua kuzama. Ukifika usiweke mzigo chini kwanza, tembea.

Tafuta mstari wa mwani. Bahari kila ikijaa inaacha utepe wa mwani, vijiti, makombe na vipande vya plastiki pale ilipofika mwisho. Ukiangalia vizuri utaona mistari miwili au mitatu. Ule wa chini ni mbichi, mwani bado una unyevu na vidudu vinarukaruka ukiugusa, huo ni wa leo. Juu yake kuna mwingine umekauka, mweusi, unavunjika mkononi kama karatasi iliyoungua, huo ni wa bamvu lililopita. Wakati mwingine juu zaidi kuna wa tatu wa magogo na vitu vikubwa vilivyosukumwa na dhoruba. Hema likae juu ya huo wa juu kabisa unaouona, na ishara nzuri zaidi ni pale majani na vichaka vinapoanza kuota, manake mmea hauoti vizuri mahali bahari inapooga kila mwezi. Usipige hema juu ya majani yenyewe lakini, hayo ndiyo yanashika mchanga usihame, tafuta uwazi ulioshatumika.

Halafu angalia juu. Mti wenye tawi kavu hapana. Mnazi wenye nazi hapana kabisa, hata kama kivuli chake ni kizuri kiasi gani. Angalia pia kama umekaa kwenye njia ya maji ya mvua, mfereji mkavu unaoshuka kutoka bara kwenda baharini unapendeza kulala kwasababu ni tambarare, mvua ikinyesha huko juu utajua kwanini ni tambarare.

Sasa upepo. Mchana jua linapasha nchi kavu haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda na ile ya ubaridi kutoka baharini inakuja kujaza nafasi, ndio maana alasiri upepo unatoka baharini na unakuwa na nguvu. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, mambo yanageuka, upepo unatoka bara kwenda baharini na mara nyingi ni mpole. Hiyo ni kama hakuna upepo mkubwa wa msimu unaofunika yote. Maana yake kwako ni kwamba upepo utakaoujaribu mchana sio utakaolala nao, kwahiyo usijifiche kabisa nyuma ya kichaka ukaziba kila upande. Unataka sehemu iliyokingwa na upepo mkali lakini kahewa kanapita. Usubi wanapenda hewa iliyotulia, hasa alfajiri na magharibi, na kaupepo kadogo tu kanawafukuza kuliko dawa yoyote ninayoijua.

Hatua ya 5: Kupiga hema kwenye mchanga

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndipo mambo yanapoharibika. Usiku wangu mmoja mbaya kuliko yote ulikuwa kwenye ufuko mweupe mzuri sana, nilipiga vigingi vya kawaida, vile vyembamba vya chuma vilivyokuja na hema, nikaelekeza mlango baharini ili nione mawimbi. Saa nane usiku upepo ukaingia kwa mlango, hema likajaa kama puto, vigingi vinne vikang'oka kwa mpigo, na nikakaa mpaka asubuhi nimeshika fito kwa mikono miwili. Kigingi chembamba kwenye mchanga mkavu hakina cha kushika, chembe zinateleza tu pembeni yake.

Dawa yake ni kuzika mfuko. Chukua mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze mchanga kilo 3 mpaka 5, ufunge mdomo, halafu funga kamba ya hema katikati ya tumbo la mfuko. Chimba shimo la kina cha mkono wako kutoka vidole hadi kiwiko, liwe limekaa kingamo na kamba, ulaze mfuko chini. Kabla ya kufukia chora kwa kidole au koleo kajimfereji kembamba kutoka kwenye mfuko kuelekea hema ili kamba ilale humo kwa mshazari, manake kamba ikitoka shimoni wima inavuta mfuko juu, ikilala mshazari inauvuta kwenye ukuta wa mchanga. Fukia, kanyaga, mwagia maji ya bahari, kanyaga tena. Mchanga ukilowa, maji kidogo katikati ya chembe yanazivuta zishikane, ndio ile ile inayofanya watoto wajenge nyumba za mchanga zisimame. Upepo sasa ukitaka kung'oa kamba hiyo inabidi unyanyue mchanga wote ulio juu ya mfuko, na hauwezi.

Ukimaliza kila kamba, ishike karibu na hema uegemee kwa uzito wako wote. Ikisogea hata kidogo, chimba upya, usijidanganye kwamba itashika. Pembe nne za chini za hema unaweza kutumia vigingi vipana vya mchanga au vijiti vinene virefu, vichomekwe vimeinama kichwa kikitazama mbali na hema, lakini kamba za upepo zote ziwe na mifuko.

Kabla ya yote hayo lakini, tengeneza kitanda. Ondoa makombe na vijiti, sawazisha, lala chini hapo hapo ukiwa na nguo zako uone kichwa kinakaa wapi, halafu chimba kidogo pale nyonga na bega vinapokaa. Kawe kama bakuli, sio shimo. Mchanga unaonekana laini lakini ukilalwa saa mbili unakuwa mgumu kama sakafu, na hako kabakuli ndiko kanakoamua kama utalala au utakesha. Turubai ya chini ikunjwe isitokeze nje ya hema hata kidole kimoja, ikitokeza inakinga mvua na kuipeleka chini ya mgongo wako.

Upande mfupi na wa chini wa hema ndio uangalie upepo mkali. Mlango uwe ubavuni. Tundu za hewa acha wazi pande mbili hata kukiwa na baridi kidogo, pumzi yenu usiku inageuka maji kwenye kitambaa na asubuhi mnadhani hema linavuja.

Hatua ya 6: Vita vya mchanga na chumvi

Mchanga hauwezi kuuzuia kabisa, unaweza kuupunguza. Beseni la maji ya bahari mlangoni, kila anayeingia anachovya miguu, anakaa kwanza matako ndani miguu nje, anapangusa, ndio anaingia. Viatu havivuki mlango. Mchanga ulioganda kwenye ngozi usiusugue, paka poda ya mtoto, ikinyonya unyevu mchanga unadondoka wenyewe.

Chumvi ndiyo adui ambaye watu hawamjui. Chumvi inanyonya unyevu kutoka hewani, kwahiyo nguo iliyokauka na chumvi yake mchana, usiku inalowa tena bila mvua. Ndio lile shuka linalonata. Ukilala na chumvi mwilini unaipeleka kwenye shuka, na hilo shuka halikauki tena mpaka uende nyumbani. Kwahiyo kila jioni kabla jua halijazama, lita moja ya maji baridi yasiyo na chumvi na kitambaa: uso, shingo, kwapa, miguu, basi. Lita moja inatosha mtu mzima kabisa. Halafu nguo kavu ya kulalia ambayo haijawahi kuona bahari. Mimi hili nalishika kuliko chakula, nimeshaona linavyobadilisha safari ya watu.

Hatua ya 7: Jikoni na moto

Chakula panga kwa siku kinavyoharibika. Kinachooza haraka kiliwe siku ya kwanza, cha siku ya pili kigandishwe kama jiwe kabla ya kuondoka kiwe barafu ya mwenzake, kuanzia siku ya tatu ni vikavu na vya kopo. Badala ya barafu ya vipande gandisha chupa za maji, inakaa zaidi na ikiyeyuka unakunywa. Deli likae kivulini, limefunikwa kitambaa chenye maji, na lisifunguliwe kila mtu anapotaka kuchungulia. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto zaidi ya saa mbili, na jua likiwa kali, zaidi ya nyuzi 32, saa moja tu.

Jiko liwe nje, nyuma ya kinga ya upepo, mbali na hema. Na hili nalisema kwa uzito wote: mkaa au jiko la gesi halilali ndani ya hema, hata kama moto unaonekana umezimika, hata kama kuna baridi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, mtu anasinzia na haamki. Kila mmoja kwenye kundi aambiwe hili.

Kama moto wa kuni unaruhusiwa, tumia sehemu iliyokwisha tumika. Magogo yaliyoletwa na bahari yamejaa chumvi na moshi wake una sumu, usipikie. Usizungushie moto mawe yaliyotoka majini, maji yaliyo ndani yakigeuka mvuke jiwe linapasuka na kurusha vipande. Na usizime moto kwa kufukia na mchanga, hapo ndipo pana hatari kubwa, mchanga unatunza joto masaa mengi, juu panaonekana ufuko wa kawaida, asubuhi mtoto anapita peku. Mwagia maji, koroga na kijiti, mwagia tena, mpaka uweze kuweka kiganja juu na kisisikie joto.

Hatua ya 8: Kuingia majini

Hakuna mwokoaji kwenye kempu kama hizi, kwahiyo ni nyie wenyewe. Kaa dakika kumi unatazama kabla hujalowa. Pale mawimbi yanapovunjika pande mbili na katikati pametulia, maji yana weusi au vumbi la mchanga na povu linatembea kwenda nje, hapo ndipo wageni wanapachagua kwasababu pametulia, na hapo ndipo mkondo unaorudi baharini unapopita. Ukikushika haukuzamishi, unakupeleka mbali. Usishindane nao kuja ufukweni moja kwa moja, utachoka. Elea, inua mkono, piga kelele, na kama una nguvu ogelea sambamba na ufuko mpaka utoke kwenye mkondo ndio urudi.

Vile vya kuchezea vya kujaza upepo, maboya ya watoto na magodoro, asubuhi usiviruhusu kabisa. Kumbuka upepo wa usiku unatoka bara, alfajiri bado unavuma kwenda nje, godoro linaondoka na mtoto juu yake na maji yametulia kama kioo.

Penye mchanga laini na maji ya magotini tembea kwa kuburuta miguu, taa (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani) aliyejifukia atasikia na kuondoka, ukimkanyaga atakuchoma. Ukichomwa na taa, au na samaki mwenye miiba yenye sumu, toka majini, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 45 hivi, dakika 30 hadi 90, mtu mwingine ayajaribu kwanza kwa mkono wake, halafu tafuta hospitali, hasa mwiba ukiwa umebaki ndani. Yavuyavu akikuwasha usisugue na usimwagie maji yasiyo na chumvi, suuza kwa maji ya bahari, toa nyuzi zake kwa kibano, halafu maji ya moto. Mkojo hausaidii. Mtu akianza kuhema kwa shida au kuvimba uso, hapo ni gari na hospitali moja kwa moja.

Radi ikianza, wote mtoke majini na mtoke ufukweni. Hesabu kutoka mwanga hadi ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Chini ya sekunde 30 muwe kwenye gari au jengo, sio kwenye hema na sio chini ya mti, na msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Na ardhi ikitetemeka kwa muda mrefu, au bahari ikirudi nyuma ghafla nje ya saa zake mpaka samaki wanabaki wanarukaruka, acheni kila kitu, kimbieni juu. Unaona kwanini nilisema jua jedwali la maji? Anayelijua ndiye anayegundua kwamba huku kupwa sio kwa kawaida.

Hatua ya 9: Usiku

Ukimya wa sehemu kama hii hauji wenyewe, unatunzwa na waliopo. Hema ni kitambaa, jirani aliye mita ishirini anasikia unavyonong'ona. Vitu vya usiku vitoe kwenye gari mapema ili milango isigongwe saa tano, spika ibaki nyumbani. Tumia taa nyekundu, macho yanabaki yamezoea giza na nyota unaziona, na kama ni ufuko wanakotaga kasa inabidi hasa uzime taa nyeupe, manake watoto wa kasa wakitoka kwenye mchanga wanafuata upande wenye mwanga, na kwa asili huo ni bahari, taa yako inawapeleka bara wakafe. Ukimkuta kasa mama anapanda, kaa chini, nyamaza, mwache.

Chakula na takataka vifungwe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, kaa na panya wanafanya kazi usiku kucha. Weka ndala, tochi na maji ya kunywa sehemu ile ile kila siku, kulia kwa mlango, ili mkono uvipate gizani.

Hatua ya 10: Kuondoka

Ondoka taratibu. Kung'uta hema likiwa bado limesimama, fagia ndani kwenda mlangoni, pangusa zipu zote kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi. Chimba mifuko, mwaga mchanga pale pale, funika mashimo yote manake mtu anaweza kuvunja mguu usiku. Takataka zote ziende nanyi, na vipisi vya sigara na vifuniko vya chupa ni takataka pia.

Vigingi vihesabu. Mimi naandika idadi kwenye simu siku ya kupiga hema, 14 vikiingia, 14 vitoke, na kama ni 13 natafuta kwa vidole mpaka nikipate, kwasababu kigingi kimoja kilichobaki ncha juu chini ya mchanga kinasubiri mguu wa mtu.

Nyumbani usiliweke hema stoo siku hiyo hata kama umechoka. Suuza fito na zipu kwa maji ya bomba, chumvi inakula chuma na alumini polepole mpaka siku moja fito inakatika mkononi. Anika kivulini, geuza ndani nje, ngoja mpaka mishono iwe mikavu kabisa, mishono ndiyo ya mwisho kukauka na ndiko ukungu unakoanzia. Zipu zikishakauka pitisha mshumaa juu ya meno yake, fungua funga mara tatu nne, ndio ulikunje.